Folda ya Unga

Ami Seif alipofariki sikwenda kumzika. Nilituma rambirambi kwa simu nikasingizia kazi, na kazi zilikuwepo kweli, kwa sababu kazi hazimkosi mtu anayezitafuta. Ilipofika arobaini yake nikaishiwa visingizio. Nilipanda treni Dar es Salaam, nikashuka Tabora kumeshakucha, nikatembea kwa miguu mpaka Isevya na begi langu moja mgongoni. Nilipofika hitma ilikuwa imeshasomwa. Wanaume walikaa mikekani chini ya turubai, wanne au watano kwa kila sinia la pilau, nami nikasogezewa nafasi na watu wasionijua. Nilikula kwa shida. Mbele yangu lilikuwa duka la vitambaa la marehemu, limefungwa kwa heshima yake, na nyuma ya duka hilo kuna chumba ambacho kwa mwaka mmoja wa ujana wangu nilikaa humo kuliko nilivyokaa kwetu. Nilijitahidi nisikitazame. Tulipokwisha kunawa, mwanamke mmoja aliyejitanda mtandio mweupe alikuja akasimama pembeni ya mkeka wetu. "Eliya," akasema, "hujawasalimia hata watu wa ndani. Njoo basi uone chumba chako." Alikuwa Zuwena, binti wa kaka yake Ami Seif, ambaye ndiye hasa niliyekuwa namkimbia miaka kumi na miwili.

Siku hizi chumba kimejaa majora ya vitenge mpaka darini. Mwaka ule kilikuwa na meza ya mninga, viti viwili visivyofanana, feni iliyogeuka upande mmoja tu, na kompyuta moja ya mkononi ambayo Ami Seif alimnunulia Zuwena alipomaliza chuo. Mlango wa kuingilia dukani haukufungwa kamwe. Ami Seif aliagiza hivyo siku ya kwanza, kwa upole, akiniangalia mimi na si Zuwena, nami nilielewa. Kwa hiyo tulifanya kazi huku tunasikia bei za khanga zikibishaniwa upande mmoja, na upande wa pili, kupitia dirisha la uani, shangazi zake Zuwena wakikaanga maandazi na kutusema bila kupunguza sauti. "Yule kijana wa Kinyamwezi," nilimsikia mmoja siku moja, "anazungumza na ile mashine kuliko anavyozungumza na watu." Mwenzake akajibu kwamba ni afadhali hivyo. Zuwena alicheka hadi akafunika uso. Saa nne tuliletewa chai ya tangawizi na maandazi, na mimi kutoka nyumbani nilikuja na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga kwenye mfuko, ambavyo Zuwena alivimaliza kabla sijaketi vizuri. Ami Seif aliniita Fundi wa Hewani, kwa sababu, alisema, hajawahi kuona fundi asiyechafua mikono.

Kazi yenyewe ilikuwa tovuti ya chama cha wafuga nyuki wa Ipole. Ami Seif alinunua asali yao na kuipeleka mjini, akataka wanunuzi wajue asali hiyo ni ya nani. Kule kila mfugaji huchonga alama yake kwenye mzinga kabla ya kuupandisha mtini, na alama hiyo hurithiwa. Yeyote anayekuta mzinga msituni huitazama alama, akajua ni wa nani, akaenda zake. Wazo la Zuwena lilikuwa kwamba kila mfugaji awe na ukurasa wake: juu alama, chini maneno yake mwenyewe. Yeye angekusanya maneno, mimi ningejenga. Tovuti ya kwanza niliyojenga ilikuwa nzito, faili kibao, kila moja ikiitwa peke yake, na huko Ipole mtandao ulikuwa wa kupapasa. Katibu wa chama alinipigia akasema, "Mwanangu, tovuti yako tunaisubiri kama treni ya Kigoma. Tunajua itakuja, hatujui lini." Nilichekea simuni, nikakata, nikanuna mpaka jioni.

Nikasoma mtandaoni kwamba mafundi wakubwa hawapeleki faili zao kama zilivyo. Wana chombo, programu ya kuzichukua faili zote za fundi, kuzikandamiza, kuondoa nafasi na maelezo yasiyohitajika, kuziunganisha, na kutoa faili chache nyepesi ambazo simu ya bei nafuu itazifungua mara moja. Nikasema hicho nitakipata. Kukisimika kulinichukua wiki nzima. Kilihitaji vipande vidogovidogo maelfu, na modemu yetu ilishika mtandao pale tu ilipoegeshwa dirishani juu ya kopo la blubendi. Umeme ukikatika katikati, tunaanza upya. Siku vipande vyote vilipotimia, kioo kilijaa maandishi mekundu ya makosa, kwa sababu kipande kimoja kilikuwa kipya na mwenzake wa zamani. Kilipofanya kazi, hatimaye, niliinuka nikazunguka chumba na mikono kichwani. Zuwena akataka kujua kinafanya nini. Nikamwambia ni mashine ya kusaga tu: juu unatia mahindi, chini unatoka unga, na wateja wanakula unga. Alipenda mno. Ni yeye aliyebadilisha majina ya folda zetu, ile ninayofanyia kazi ikawa Mahindi na ile inayotoka mashineni ikawa Unga. Nami nikaona nimeshamfundisha vya kutosha.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na nimelitafuta kwa miaka yote hii nikitumaini kulikuta kwingine. Sikumfundisha kwa sababu sikutaka. Nilikulia kwenye karakana za watu, nikaona jinsi fundi anavyogeuza mgongo anapofika kwenye kiungo chenye siri ya kazi, ili anayejifunza aone matokeo asione mkono. Nililichukia jambo hilo, na nilipopata ujuzi wangu wa kwanza nikalifanya vilevile. Wiki chache baadaye nilijaribu kukiboresha chombo, nikakiharibu, kikakaa karibu mwezi hakisagi. Siku moja katika mwezi huo Zuwena alikuja na kompyuta mkononi. "Eliya, haya maneno ya wazee naandika wapi? Nimefungua ukurasa kwenye brauza, nikafuatilia faili yake, nimeikuta kwenye Unga. Niandike humo?" Nilikuwa nimeinamia simu, nasoma ushauri wa mtu wa nchi nyingine kuhusu makosa yangu mekundu. Nikamwambia, "We andika tu, mimi nitapanga." Sikuinua hata uso. Kama ningeinua, ningemwambia kwamba Unga hauandikwi, unatoka Mahindi, na chochote utakachoandika humo kitapotea siku mashine itakapowashwa tena. Ni sentensi moja. Ningeisema bila kumaliza hata andazi langu.

Katika mwezi huo tulikwenda Ipole kwa Mzee Kalugula. Alikuwa mkubwa wa wafugaji wote kwa umri, mwembamba, na kidole gumba chake cha kulia hakikukunjika. Zuwena alitoa simu amrekodi, mzee akaisukuma taratibu. "Sauti ya mtu ikibaki inasema mfukoni wakati mwenyewe ameshazikwa, si jambo jema," alisema. "Wewe andika, binti. Nitakwenda polepole." Basi Zuwena akaweka kompyuta magotini na kuandika, siku mbili, akiichaji kwa sola ya duka la jirani wakati mzee anapumzika. Mkewe, Bibi Milembe, alitupikia ugali na uyoga wa karanga, na baada ya chakula akatuletea masega kwenye bakuli la udongo. Nakumbuka utamu wa yale masega mpaka leo. Nakumbuka na mzee akimuuliza Zuwena, "Nimefika wapi?" na yeye akimsomea sentensi ya mwisho, na mzee akitikisa kichwa na kuendelea. Mimi nilikuwa nje, natembea huku na huko na simu nimeinyanyua juu, napima ni wapi mtandao unashika. Mvua zilipoanza, Mzee Kalugula akafariki. Zuwena alilia, kisha akasema tunashukuru tumewahi. Nami nikaitikia, tumewahi.

Mkutano wa chama, ambako tovuti ingeonyeshwa, uliitishwa Jumamosi. Ijumaa mchana chombo changu kikapona. Nilikuwa nimesoma pia kwamba fundi makini huanza kwa kufagia, yaani kabla ya kusaga, chombo kifute kila kilichomo kwenye folda ya kutolea, ili mabaki ya jana yasichanganyike na ya leo. Nikaongeza amri hiyo. Nikabonyeza. Ilichukua sekunde chache, maandishi ya kijani yakapita yakinihakikishia kwamba kila kitu kimekwenda sawa, na nikapandisha tovuti mtandaoni nikipiga mluzi. Zuwena alikuwa dukani anampimia mteja kitambaa. Sikumwita, nilitaka ashangae pamoja na wengine.

Na walishangaa. Katika ukumbi wa shule, katibu alifungua tovuti kwenye simu yake, ikafunguka kabla hajaiweka sawa mkononi, akasema treni imefika, watu wakapiga makofi. Kisha Bibi Milembe, aliyekaa mbele amevaa nguo za msiba, akaomba aonyeshwe ukurasa wa mumewe. Katibu akaufungua. Juu palikuwa na alama ya Mzee Kalugula, mikato miwili na tundu moja, ambayo niliichora mwenyewe na ilikuwa salama kwenye Mahindi. Chini yake hapakuwa na kitu. Katibu akafungua wa mfugaji mwingine, na mwingine, alama tu. Zuwena alichukua simu, akaburuta juu, akaburuta chini. Mimi nilijua pale pale, kabla hajanigeukia. Watu walikuwa wananitazama, dakika mbili tu zilizopita wamenipigia makofi. Nikasema, "Itakuwa ni virusi. Wiki hii Zuwena alichomeka flash yenye picha kutoka stesheneri. Hizi flash ndizo zinazoleta virusi, zinakula maandishi."

Hakuna aliyebisha, maana siku zile kila mtu alishawahi kupoteza kitu kwa flash. Hata Zuwena aliniamini. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba aliniamini upesi kuliko wengine. Alikwenda akapiga magoti mbele ya Bibi Milembe, akasema, "Nisamehe, bibi, ni mimi." Bibi alimshika kichwa. Nilikuwa hatua tano kutoka hapo. Na sijamaliza. Kuna programu za kufufua faili zilizofutwa, na zinaweza kufanikiwa kama hujaandika vitu vipya juu yake. Nilizijua. Lakini kuzitafuta kungekuwa kukiri, kwa hiyo sikuzitafuta, na Jumatatu nikaendelea kusaga mara kumi, mara ishirini kwa siku, nikirekebisha rangi za vichwa vya habari, mpaka kama kulikuwa na kilichobaki kikawa hakipo tena. Wafugaji walio hai walisimulia upya. Chini ya alama ya Mzee Kalugula niliandika "Maelezo yatakuja", na maneno hayo yakakaa hapo mpaka tovuti yenyewe ilipokufa. Zuwena hakuigusa tena kompyuta. Ami Seif alisema kwa huruma kwamba kila mtu na riziki yake, akampa kiti cha mbele dukani na futi ya kupimia. Kabla mwaka haujaisha nikaitwa kazini Dar es Salaam, kwa sababu kampuni moja iliona ile tovuti ya asali na kustaajabia wepesi wake. Nimekula unga huo mpaka leo, na wanangu pia.

Sasa tulikuwa tumesimama katikati ya majora, Zuwena na mimi, na kutoka uani zilisikika sauti za masinia yakioshwa. Aliniuliza habari za watoto, nami nikamuuliza za wake. Akasema atasafiri kesho kutwa, anakwenda Ipole. "Kila mwaka asali ikishashushwa naenda kwa Bibi Milembe," alisema. "Namwambia yale maneno ya mzee ninayoyakumbuka. Mwanzoni yalikuwa vipande tu, lakini ukiyasema kila mwaka mengine yanarudi. Yeye akisikia nimekosea ananisahihisha. Nilimwahidi, maana ni mimi niliyeyapoteza." Alilisema kwa urahisi, kama mtu anayetaja siku yake ya kliniki. Nikatafuta pa kukaa, hapakuwa na pa kukaa.

"Zuwena," nikasema, "haikuwa virusi."

Alikuwa anakunja kipande cha kitenge. Aliendelea kukikunja.

"Flash yako haikuwa na tatizo. Ni mimi. Uliandika kwenye Unga, na mimi nikaweka amri ya kufagia Unga, nikasaga. Nilijua pale pale ukumbini."

Alikiweka kitenge juu ya vingine, akakinyoosha kwa kiganja. "Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza naandika wapi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka yote hii nilidhani niliota kwamba nilikuuliza. Nilijiambia, Eliya asingeacha kunijibu."

Nilianza kuomba radhi, akainua mkono, akanizuia. Hakulia wala kupandisha sauti, ingawa ningependa angefanya hivyo. Alisema wageni wananingoja, nikanywe kahawa. Alipofika mlangoni, ule mlango usiofungwa, akageuka. "Kesho kutwa tutakwenda wote. Utamwambia mwenyewe."

Barabara ya kusini imewekwa lami siku hizi, na misitu imesogea mbali nayo. Bibi Milembe tulimkuta uani anachuja nta, amezeeka sana, macho yake mazima. Zuwena alimwamkia kwa Kinyamwezi, nami nikasema, "Shikamoo, bibi," akaitikia, "Marahaba," akanionyesha kigoda. Nilimweleza yote. Nilimweleza kuhusu chombo, kuhusu Mahindi na Unga, ile sentensi moja ambayo sikuisema, na uongo niliousema mbele yake akiwa na nguo za msiba. Nilimweleza na zile programu za kufufua faili, mpaka mwisho. Yeye alinisikiliza huku nta ikipoa. Nilijiandaa kufukuzwa. Kwa kweli nilitamani anifukuze, nimalize.

"Hayo maneno uliyoyafuta," akasema, "mume wangu alisema nini?"

Nilifungua kinywa. Niliujua ule ukurasa kuliko mtu yeyote. Nilijua uzito wake kabla ya kusagwa na baada ya kusagwa. Nilijua rangi ya kichwa chake na ukubwa wa herufi. Katika mwezi ule niliufungua labda mara mia, kupima kama unafunguka haraka, na kila mara maneno yake yalikuwa pale mbele yangu, mistari myeusi inayojaza nafasi. Nilitafuta mstari mmoja. Nilitafuta hata neno moja.

"Sikuyasoma, bibi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Kwa mara ya kwanza siku ile niliona nimemshangaza. Kisha akamgeukia Zuwena. "Mwanangu, huyu bado hajapoteza kitu," alisema. "Mwambie."

Zuwena aliketi vizuri, akakusanya khanga yake magotini. "Alama yangu sikuichagua," alianza, na haikuwa sauti yake ya dukani wala ile ya chumba cha nyuma, ilikuwa ya polepole, ya mtu anayemngoja mwandishi amfikie. "Niliikuta imechongwa, na aliyeichonga naye aliikuta." Niliinama nikafungua begi kutafuta daftari na kalamu, nisije nikakosa na hili.

"Acha hiyo," akasema Bibi Milembe. "Weka mikono magotini. Kwanza sikiliza."

Nikaiweka mikono magotini.